Sura ya Tano: Levin Kwenye Msaragambo

Riwaya ya Anna Karenina ina sehemu 8 na sura 239. Filamu aliyoiongoza Joe Wright mwaka 2012, kwa skripti ya Tom Stoppard, ina dakika 129. Ukizigawa dakika hizo sawasawa, kila sura inaambulia kama nusu dakika, muda wa mtu kuvua koti na kuagiza chai. Bila shaka hakuna mwandishi wa skripti anayegawa hivyo. Wote hukata. Na kwa karibu miaka 100 sasa, tangu enzi za filamu zisizo na sauti, wengi wao wamepitisha kisu mahali pale pale: wamemtoa Konstantin Levin, au wamembakiza kama mgeni wa harusini.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na kitabu hiki cha Leo Tolstoy, hadithi inayojulikana ni ya Anna. Ni mke wa Aleksei Karenin, afisa mkubwa wa serikali huko Petersburg. Anampenda askari kijana, Vronsky. Anaondoka kwa mumewe, ananyang'anywa mwanawe, watu wa hadhi yake wanamfungia milango, na mwisho anajitupa chini ya treni. Lakini karibu nusu ya kitabu inamhusu Levin, mwenye shamba kijijini, anayegombana na vibarua juu ya majembe mapya, anayemposa Kitty na kukataliwa, anayemuuguza kaka yake mpaka kufa, na anayejiuliza usiku kucha mtu anaishi kwa ajili ya nini. Anna na Levin wanakutana mara moja tu katika kitabu chote. Tolstoy hakuwafunga pamoja kwa matukio. Amewaweka kila mmoja upande wake ili msomaji awapime mwenyewe.

Ukitaka kuona kinachotokea kipimo hicho kikiondolewa, tazama Hollywood mwaka 1927. Studio ya MGM ilitoa filamu iitwayo Love, Greta Garbo akiwa Anna. Ilikuwa na miisho miwili. Katika mmoja Anna anakufa. Katika mwingine, uliotengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Marekani, Karenin ndiye anayefariki, na wapenzi wawili wanakutana tena kwa furaha. Watu huicheka habari hii. Mimi naiona ya huzuni, kwa sababu ina mantiki yake. Bila Levin, kifo cha Anna kinabaki kuwa adhabu ya mapenzi tu, na adhabu yoyote inaweza kusamehewa na mwenye studio. Levin akiwepo hakuna anayeweza kusamehe wala kuhukumu kirahisi, maana tunaona kwamba hata aliyefuata njia iliyonyooka, aliyeoa kanisani na kupata mtoto, anafika mahali pa kuficha kamba asije akajinyonga.

Kila sura ya kitabu hiki ninachoandika inalipeleka swali moja la sinema mahali pamoja pa Afrika Mashariki. Swali la riwaya za Kirusi nalipeleka Same, mji ulio chini ya Milima ya Upare, ambako reli ya Tanga na barabara kuu ya Arusha zinapita ubavu kwa ubavu. Sikuuchagua kwa ajili ya mandhari. Naamini kwamba ugumu wa kuzitia riwaya hizi kwenye filamu hautoki kwenye theluji, magauni wala wingi wa kurasa, ingawa hayo ndiyo yanayolalamikiwa zaidi. Unatoka kwa watu wa aina mbili ambao kamera haijui kuwashika: mtu anayefanya kazi, na mtu anayefikiri. Na kwa wote wawili, Upare na Tanzania zina njia ambazo Hollywood haikuwa nazo.

Kwanza suala la kuhama. Riwaya ya Kirusi ikibaki Urusi mikononi mwa wageni, mara nyingi inageuka maonyesho ya mavazi. David Lean alipotengeneza Doctor Zhivago mwaka 1965, kitabu cha Boris Pasternak kilikuwa kimepigwa marufuku Sovieti, kwa hiyo Moscow ilijengwa nje ya Madrid, na sehemu ya theluji yake ilikuwa vumbi la marumaru. Filamu ni nzuri kwa macho, na watu wengi wanaipenda. Lakini ukiitazama ukiwa umesoma kitabu, unahisi kwamba nusu ya nguvu za waliohusika ilikwenda kwenye kuifanya Hispania ifanane na Urusi.

Akira Kurosawa alifanya kinyume. Mwaka 1951 aliichukua The Idiot ya Dostoevsky akaipeleka Hokkaido, kaskazini mwa Japani, baada ya vita. Prince Myshkin akawa Kameda, askari wa zamani aliyedhaniwa kuwa mhalifu wa kivita, akafikishwa mbele ya bunduki na kuokolewa dakika ya mwisho. Jambo hilo halimo kitabuni kwa sura hiyo, lakini Dostoevsky mwenyewe alisimamishwa mbele ya wapiga risasi mwaka 1849 akaachiwa, na Myshkin anazungumza sana juu ya mtu anayesubiri kuuawa. Kurosawa aliuona mzizi huo akaupanda katika udongo wa kwao. Filamu yake ya kwanza ilikuwa na zaidi ya saa 4. Studio iliipunguza hadi dakika 166, na mikato hiyo inaonekana mpaka leo kama makovu.

Karibu nasi zaidi ni Cairo. Mwaka 1960 Ezz El-Dine Zulficar aliongoza Nahr al-Hubb, yaani Mto wa Mapenzi, akiitoa kwenye Anna Karenina. Faten Hamama ni Nawal, mke kijana wa pasha mwenye madaraka. Omar Sharif, ambaye wakati huo alikuwa mumewe halisi, ni afisa wa jeshi anayempenda. Hakuna samovari wala manyoya. Kuna pasha, kuna talaka isiyotolewa, kuna mtoto anayetumiwa kama kamba ya kumfunga mama, na kuna treni. Mtazamaji wa Misri hakuhitaji kuelezwa lolote juu ya sheria za ndoa za Urusi ya mwaka 1875. Miaka mitano baadaye Omar Sharif huyo huyo alivaa kofia ya manyoya akawa Zhivago. Nikilinganisha filamu hizo mbili, Tolstoy wa Cairo ana uhai kuliko Pasternak wa Madrid, ingawa alipatikana kwa fedha kidogo mno.

Darezhan Omirbaev wa Kazakhstan naye alifanya hivyo mwaka 2007 kwa Shuga, Anna Karenina wa kizazi cha baada ya Sovieti. Njia ipo, na imekwisha kukanyagwa.

Kwetu hakuna riwaya ya Kirusi iliyokwisha kuhamishwa namna hii kwenye filamu. Tuna tamthilia ya Gogol ambayo Christon Mwakasaka aliifasiri kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali na ikachapishwa mwaka 1979, lakini hiyo ni ya jukwaani. Mfano wetu mkubwa wa kutoa riwaya kitabuni na kuipeleka kwenye skrini ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Kitabu kilitoka mwaka 1999. Filamu ya Amil Shivji ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, miaka zaidi ya 20 baada ya Maangamizi kutangulia kupelekwa.

Mtengenezaji filamu yeyote anayemtazama Tolstoy kutoka Tanzania aanze kwa kuisoma filamu hiyo kando ya kitabu chake. Shafi anaandika kwa upana: Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin aliyeozwa kwa mzee Raza, safari ya Mombasa, kutoroka, chumba cha Mwajuma mtaani Ng'ambo, siasa za Denge na wenzake wanaowindwa na serikali ya mkoloni, kisha ndoa nyingine baadaye. Filamu ina kama saa moja na nusu. Imekaza macho kwa Yasmin na Denge, walioigizwa na Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika, na mengi yaliyobaki imeyaachia rangi, kuta na muziki. Siti Amina, mwanamuziki halisi, ndiye Mwajuma, na kila anapoimba anabeba kurasa ambazo hazikupata nafasi ya kusemwa.

Kuna jambo moja hapo linalotuunganisha na Warusi moja kwa moja. Vuta N'kuvute imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wakaijibia mitihani. Maelfu ya watu wazima Tanzania wana Denge wao vichwani, mwenye sura na sauti, na kila mmoja ana kiungo chake ambacho hataki kiguswe. Mrusi naye amemsoma Tolstoy shuleni. Sergei Bondarchuk alipotengeneza Vita na Amani katika miaka ya 1960, filamu ya sehemu nne inayozidi saa 7, alikuwa anatengenezea taifa zima la watu waliokwisha kuiona filamu hiyo ndani ya macho yao wenyewe. Mwongozaji wa namna hiyo anabanwa zaidi na mwalimu wa fasihi kuliko na mtayarishaji anayetoa fedha. Shivji alithubutu kukata. Wapo waliolalamika, na ni haki yao. Ila filamu isiyothubutu kukata kitabu cha shule inaishia kuwa muhtasari wa mtihani.

Sasa tuje Same. Ningeiweka hadithi hii miaka ya 1945 na 1946, na nina sababu.

Ya kwanza ni reli. Njia ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1945 treni ya abiria ilikuwa ndiyo mlango wa Same. Katika riwaya, Anna na Vronsky wanakutana kwenye kituo cha reli huko Moscow siku mfanyakazi mmoja anapogongwa na treni. Baadaye, kwenye kituo kidogo usiku, katikati ya tufani ya theluji, Vronsky anamwambia kwamba amemfuata. Theluji hatuna. Lakini Same iko upande wa mlima usiopata mvua ya kutosha, na wakati wa kiangazi upepo wa jioni unanyanyua vumbi jekundu mpaka mtu wa hatua 10 mbele yako anakuwa kivuli. Yeyote aliyewahi kushuka pale mwezi wa tisa anajua kwamba maneno yasiyotakiwa kusikika yanaweza kusemwa ndani ya upepo ule. Baada ya miaka mingi ya kimya, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi kwenye njia hii Desemba 2019, kwa hiyo hata lokesheni haihitaji kujengwa.

Ya pili ni Vronsky. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, walikuwa wanarudi kutoka Burma, wakiwa na buti, fedha na habari za nchi za mbali. Kijana aliyeondoka akichunga mbuzi anarudi ana cheo cha sajini. Hahitaji kuwa na jina la ukoo wa kitajiri ili avute macho ya mke wa mkubwa.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni Mbiru. Mwaka 1942 utawala wa wilaya ya Upare ulianzisha kodi mpya iliyopangwa kwa kadirio la mali ya kila mtu. Iliitwa mbiru, kama ushuru wa kale ambao watu waliwalipa watawala wao, nao wakaikataa. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimwa na kukadiriwa na watu wasiowaamini. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani, kutoka Usangi, Mamba na kwingineko, wakapiga kambi Same mbele ya boma, na hawakuondoka haraka. Wanawake nao wakaingia, hasa wale wa Usangi, na madai yao yaliwatia maafisa wasiwasi kuliko ya wanaume. Mwishowe kodi ile iliachwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika habari hizi mwaka 1971, na mpaka leo sijui kwa nini hazijawa filamu kubwa ya kwanza ya Upare.

Weka hadithi ya Karenin ndani ya miezi ile, uone inavyoamka. Katika riwaya, Karenin si mume baridi tu. Ni mtu wa mafaili, na mafaili yake yana majina: umwagiliaji wa mashamba katika jimbo la Zaraisk, na mpango wa kuyatengenezea makabila yasiyo ya Kirusi maisha bora. Tolstoy anatumia kurasa nzima kueleza jinsi mafaili hayo yanavyohama kutoka kamati moja hadi nyingine bila tone la maji kufika shambani. Filamu zote ninazozijua zimeyapita bila kuyatazama, kwa sababu kwa mtazamaji wa London au New York umwagiliaji wa Zaraisk haumuumi mtu.

Upare unauma. Huku maji ndiyo siasa ya kwanza. Milima ina ndiva, mabwawa ya asili yaliyochimbwa na koo, yanayojazwa na kijito usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Ndiva ina wenyewe, ina mkubwa wake, ina taratibu zake za nani anaanza na nani anangoja. Mpe Karenin wetu, karani mkuu mwenye miwani katika ofisi ya wilaya, faili la kuyaorodhesha mabwawa hayo kwa ajili ya kodi, na mara moja tunaelewa kwa nini mtu mwadilifu, asiyekula rushwa, anayefuata kanuni kwa herufi, anaweza kuwa mzigo usiobebeka nyumbani na nje. Hapo hapo uwanja wa boma umejaa watu wanaomngoja atoke.

Kuhusu umati huo, nawasihi watayarishaji wasimwige Bondarchuk. Yeye alipewa maelfu ya wanajeshi wa Sovieti kupiga picha ya vita vya Borodino, na hakuna atakayepewa hivyo tena. Umati wa Mbiru haukuwa jeshi. Walikuwa watu waliokaa: waliopika, waliolala chini, waliosali, waliotumana nyumbani kuleta unga. Watu 60 wanaoketi na kupika, wakipigwa picha kwa subira siku tatu mfululizo za hadithi, wanatisha kuliko 6,000 wanaokimbia.

Kuna suala la sheria ambalo mwandishi wa skripti hawezi kulikwepa, nalo linaonyesha kwa nini kuhamisha hadithi si kubadili majina. Serezha, mtoto wa Anna, ana miaka 8 hadithi inapoanza. Kifo cha Anna hakieleweki bila mtoto huyo kuchukuliwa. Ukiiweka hadithi leo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, na inaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Serezha ameipita dhana hiyo kwa mwaka mmoja. Mwandishi makini angeweza kutengeneza mchezo mzima wa mahakamani kutokana na mwaka huo mmoja, na ningekwenda kuutazama. Lakini ungekuwa mchezo mwingine. Mwaka 1946, kwa mila za milimani, mtoto ni wa ukoo wa baba, na hakuna mahali pa kukata rufaa. Anna wetu anarudi asubuhi kumwona mwanawe siku ya kuzaliwa kwake, kama ilivyo kitabuni, na bawabu ndiye anayemruhusu kuingia. Onyesho hilo halihitaji kubadilishwa hata chembe.

Nimemweka Levin mwisho kwa sababu ndiye aliyenileta huku.

Katika sehemu ya tatu ya riwaya, Levin anachukua fyekeo na kwenda kukata nyasi pamoja na wakulima wake. Mwanzoni anaumia, anaona aibu, anatazamwa. Kisha taratibu mwili unashika mwendo, mzee aliye mbele yake anaongoza mstari, jasho linampoza, na zinafika dakika ambazo hajui kama ni saa ngapi wala kama yeye ndiye anayekata au fyekeo linakata lenyewe. Ndizo kurasa ninazozipenda kuliko zote alizoandika Tolstoy. Na ndizo kurasa ambazo filamu huzifanya picha ya kalenda: jua, mashati meupe, muziki wa vinanda, sekunde 40. Joe Wright angalau alitambua uzito wake. Hadithi ya Anna aliipiga picha ndani ya jengo la maonyesho, watu wakiishi jukwaani, lakini Levin alimtoa nje akampeleka kwenye mashamba ya kweli. Bado kazi yenyewe ilikuwa fupi mno kuingia mwilini mwa mtazamaji.

Upare kuna msaragambo. Watu wanaitwa, wanatoka kila nyumba, wanachimba barabara, wanasafisha mfereji, wanabeba mawe ya shule au zahanati. Anayekosa ataulizwa. Watu wa Same na Mwanga wanaujua kwa mikono yao, na sehemu kubwa ya shule na barabara za milimani zilianza hivyo. Mweke Levin kwenye mfereji wa ndiva kule juu, upande wa Vudee au Mbaga, asubuhi ya msaragambo. Amesoma misheni, ana shamba kubwa la baba yake, ana mawazo mapya juu ya kilimo ambayo majirani wanayasikiliza kwa heshima bila kuyafuata. Anaposhika jembe, watu wanamtazama kwa pembeni. Hakuna anayesema kitu. Mzee mmoja anamsogezea nafasi kwenye mstari.

Hapo mwongozaji awe na moyo wa kuiacha kamera. Dakika 7, dakika 8, bila muziki, majembe yakianguka kwa zamu, pumzi, neno moja moja la Chasu, lugha ya Wapare, kikombe cha togwa kikipita. Mtazamaji ataanza kuchoka, kisha atapita kwenye uchovu, kama Levin. Mhariri atataka kufupisha. Mtayarishaji atasema watu watabadili chaneli. Mimi nasema watu waliochimba mfereji hawatabadili, kwa sababu hawajawahi kuona kazi yao ikipewa muda wake kwenye skrini. Katika filamu zetu jembe huonyeshwa kama alama ya umaskini, mahali ambapo shujaa anapakimbia kwenda mjini. Tolstoy aliliona kama mahali ambapo mtu msomi anaweza kupona kidogo. Hiyo ni zawadi anayotupa, na inasikitisha kwamba wengi walioipokea kabla yetu waliitupa.

Kuhusu mtu anayefikiri. Saa za mwisho za Anna, akiwa ndani ya gari la farasi kuelekea kituoni, Tolstoy anatuingiza kichwani mwake: mabango ya maduka, nyuso za wapita njia, chuki, kumbukumbu, vyote vikikimbia bila mpangilio. Kamera inaweza kuonyesha mabango na nyuso, lakini chuki haina umbo. Walimu wa filamu hukataza sauti ya msimulizi; husema ni uvivu, onyesha usiseme. Sawa kwa hadithi nyingi. Ila Tolstoy ni msimulizi anayeingia kila kichwa bila kubisha hodi, hata kichwa cha Laska, mbwa wa Levin, anayejua ndege alipo kuliko bwana wake. Ukiondoa sauti hiyo umeondoa nusu ya kitabu kwa mara ya pili.

Watanzania walikwisha kulitatua tatizo hili kwenye vibanda vya video. Kwa miaka mingi filamu za China, India na Marekani zimetazamwa mitaani kwetu kwa sauti ya mtu anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Lufufu ndiye aliyejulikana zaidi Dar es Salaam, na DJ Mark naye ana wafuasi wake. Kenya kuna DJ Afro, Uganda kuna akina VJ Jingo. Hawafasiri maneno tu. Wanaeleza mhusika anawaza nini, wanamkumbusha mtazamaji kwamba huyu ndiye yule wa mwanzo, wanamwonya, wanahukumu, wanahurumia. Wasomi wengi walidharau kazi ile. Mimi naona ndiyo shule ya karibu zaidi na Tolstoy iliyopo katika sinema ya dunia, na kama ningekuwa na filamu hii mikononi ningemtafuta msimulizi aliyekulia kwenye vibanda hivyo, nikamkalisha na kitabu kwa miezi kadhaa, kisha nikampa kipaza sauti. Safari ya mwisho ya Anna ningemwachia yeye, kwa sauti ya chini, akimfuata Anna kuelekea kituo cha Same bila kuweza kumzuia.

Hilo linatupeleka kwenye umbo lenyewe. Anna Karenina haikuzaliwa kama kitabu kimoja kinene. Ilitoka vipande vipande katika jarida la Russkii Vestnik kuanzia mwaka 1875 hadi 1877, wasomaji wakingoja. Mtu yeyote aliyekatia hadithi magazetini na kuzibandika daftarini, kila kipande kikiishia na neno itaendelea, anajua jinsi wasomaji wale walivyoishi. Kwa hiyo mahali pake leo ni kwenye tamthilia ya televisheni kuliko ukumbi wa sinema. Watazamaji wa Huba na Jua Kali wameshazoea familia tatu zinazosukana kwa miezi, wanakumbuka ndoa, madeni na ugomvi wa kila mtu, na hawatishwi na wingi wa wahusika unaowatisha wageni wa Tolstoy. Kinachokosekana kwenye tamthilia hizo ni shamba na ukimya, na vyote viwili Levin anavyo.

Kipande kimoja hakikutoka jaridani. Mhariri, Mikhail Katkov, aliikataa sehemu ya nane kwa sababu Tolstoy alikuwa ameandika kwa ukali juu ya Warusi waliojitolea kwenda vitani Serbia. Tolstoy akaichapisha mwenyewe pembeni, na Katkov akawaeleza wasomaji wake kwa maneno machache kwamba baada ya kifo cha Anna hadithi imekwisha. Filamu nyingi zimekuwa upande wa Katkov. Treni inapita, skrini inakuwa nyeusi.

Ukiwa na mchungaji, shehe au mzee wa ukoo sebuleni Same anayetazama pamoja na wajukuu, huwezi kumwachia treni kisha ukazima taa. Msiba kwetu hauishi siku ya kifo. Kuna watu wanaokuja, kuna maneno yanayosemwa, kuna mtoto mchanga wa kike wa Anna na Vronsky ambaye lazima aende kwa mtu, na kitabuni anakwenda kwa Karenin. Kuna Vronsky anayepanda treni kwenda vitani akiumwa jino. Na kuna Levin, anayesikia kutoka kwa mkulima wake habari za mzee fulani anayeishi kwa ajili ya roho yake, akaondoka akitembea barabarani kwa furaha asiyoweza kumweleza hata mkewe.

Katika sehemu zote 8, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kupiga picha. Inahitaji nyumba moja, shamba moja, mizinga ya nyuki, mvua ya radi inayowakuta Kitty na mtoto chini ya mti, na kibaraza. Hakuna dansi la ikulu, hakuna mbio za farasi, hakuna hata treni zaidi ya ile ya Vronsky. Fedha za vipindi viwili vya mwisho zingetosha kulipa waigizaji watano na jenereta. Mtayarishaji akija na hoja kwamba sehemu ya nane ikatwe ili kuokoa gharama, aonyeshwe hesabu hizo.